Kupandisha chombo: siku 21 kabla ya Roth

Siku 21 (Jumapili)

Leo alfajiri nimekimbia kilomita 28. Jana nilikaa juu ya baiskeli kwa kilomita 165. Nimejumlisha daftari: wiki hii imefika saa 15 na dakika 40, kubwa kuliko zote tangu nianze mradi huu mwezi Novemba, na hakuna nyingine kama hiyo mbele yangu. Kuanzia kesho nashusha mzigo.

Kwa anayeifungua shajara hii hapa katikati: najiandaa kwa mashindano ya triathloni ya Challenge Roth, jimbo la Bavaria, Ujerumani, kilomita kama 25 kusini mwa Nürnberg ninakoishi na kufanya kazi ya uuguzi. Unaogelea kilomita 3.8 kwenye mfereji wa Main-Danubi, unaendesha baiskeli kilomita 180, halafu unakimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2. Triathloni ya kwanza katika mji huo mdogo wa Roth ilifanyika mwaka 1984, na siku hizi nafasi zikifunguliwa mtandaoni huisha kabla dakika haijatimia. Mimi nalenga kumaliza kwa muda wa saa 12.

Mpango wa wiki tatu zilizobaki: saa 10 na nusu, kisha saa 7 na nusu, kisha kama saa 4 bila kuhesabu mashindano yenyewe. Kinachokatwa ni urefu wa mazoezi. Siku za mazoezi zinabaki zilezile karibu zote, na ndani ya kila zoezi naacha vipande vifupi vya kasi ya mashindano au zaidi kidogo, ili miguu isije ikasahau kazi yake. Hili sikulibuni. Mwaka 2007 Laurent Bosquet na wenzake walizikusanya tafiti za wanamichezo wa aina mbalimbali, wakaona waliofaidika zaidi ni wale waliopunguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60 katika wiki mbili hivi, huku ukali wakiuacha ulivyo. Faida kwa wastani ilikuwa kama asilimia 2. Ukiwa unalenga saa 12, asilimia 2 ni dakika 14.

Naandika na kosa langu la miaka miwili iliyopita, nilikumbuke. Ilikuwa nusu ya umbali huu. Zikiwa zimebaki siku 9 hofu ikanishika, nikaona mazoezi niliyofanya hayatoshi, nikatoka peke yangu nikaendesha kilomita 120 kwa nguvu. Jioni ile nilijisikia shujaa. Siku ya mashindano, kilomita ya 12 ya kukimbia, mapaja yalikuwa mazito kama magunia ya mchanga, nikatembea hadi mwisho. Nilidhani nilikuwa naongeza akiba, kumbe ndiyo niliyokuwa naitumia.

Siku 19

Mazoezi nimeyapunguza, lakini saa ya mkononi inaniambia leo nimetembea hatua 17,400. Zote wodini.

Jambo hili silioni likizungumzwa vya kutosha. Mipango mingi ya kushusha mzigo imeandikwa kana kwamba mtu akimaliza mazoezi huenda kukaa kwenye kiti. Mimi namgeuza mgonjwa wa kilo 90 kitandani, nasukuma vitanda, nasimama saa nane. Mwili hauweki daftari mbili, moja la kazi na jingine la michezo. Nikikata saa tano za baiskeli halafu nikaziba pengo kwa zamu za ziada, sijashusha chochote.

Baya zaidi ni kwamba nilipangiwa zamu nne za usiku, kuanzia siku ya 8 hadi siku ya 5 kabla ya mashindano. Usingizi wa mchana haujawahi kunitosha hata nikifunga mapazia yote. Nimeomba zibadilishwe, wapangaji wakajibu hakuna mtu. Basi nikamfuata dada mmoja Mkenya, mwenyeji wa Kakamega, tunayefanya naye wodi moja. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Hakuningoja nimalize.

"Wewe lala, ndugu yangu. Hizo usiku nitazishika mimi. Lakini za Krismasi ni zako, zote mbili, usije ukanisahau."

Nimeandika kwenye kalenda ya Desemba kwa wino mwekundu. Zawadi kubwa kuliko hii sijapewa katika mradi mzima, hata magurudumu mapya ninayajumlisha.

Siku 17

Ziwa la Rothsee, mita 2,200 ndani ya suti ya mpira, na humo mara 8 mita 100 kwa kasi ya mashindano. Maji yametulia, bata wawili wamenisindikiza sehemu.

Mimi nimekulia Tanga. Nilijua kuogelea pale Ras Kazone kabla sijajua kusoma sawasawa, nikafika Ulaya nikiamini kuogelea nimemaliza. Maji matamu yakanifundisha upya. Bahari ina chumvi, inakubeba. Ziwani na mferejini miguu inakwenda chini, na mtu unajikuta unaogelea kama anayepanda ngazi. Suti ya mpira ndiyo inayoninyanyua nyonga, kwa hiyo nimeivaa kila wiki tangu Mei, mabega yaizoee. Anayeivaa kwa mara ya kwanza asubuhi ya mashindano atashangaa kuona pumzi haitoshi.

Mfereji wenyewe ulikamilika mwaka 1992, na kwenye lango la maji la Hilpoltstein meli za mizigo huinuliwa karibu mita 25. Siku ya mashindano meli zinasimamishwa. Hakuna mawimbi, hakuna mkondo, kingo mbili zimenyooka kama barabara. Kwa mtu wa pwani ni maji ya ajabu, lakini yana heri yake: huhitaji kunyanyua kichwa kutafuta njia kila mara. Unaifuata kingo tu.

Siku 14

Zoezi la mwisho lenye uzito. Nimepanda treni ya asubuhi na baiskeli yangu, nikaizungukia njia ya mashindano mara moja, na humo vipande vitatu vya dakika 20 kwa wati 165. Hiyo ni asilimia 70 ya nguvu ninayoweza kuishikilia kwa saa moja, na ndiyo nitakayoibeba kilomita zote 180. Leo ilikuwa nyepesi mno, miguu ikawa inaomba wati 190. Nimeikatalia.

Njia ya Roth inasifiwa kwa wepesi wake, na rekodi zinashuhudia: mwaka 2024 Magnus Ditlev alimaliza kwa saa 7, dakika 23 na sekunde 24, na Anne Haug kwa saa 8, dakika 2 na sekunde 38. Lakini wepesi huo una vilima ndani yake. Kalvarienberg ya Greding ndiyo inayouma zaidi. Inakupanda taratibu, na ukiwa mara ya pili, baada ya kilomita zaidi ya mia, ndipo inapokudai ulichokopa mara ya kwanza. Nimeipanda leo kwenye gia nyepesi kabisa, nimekaa kwenye kiti, sikusimama hata mara moja.

Halafu kilima cha Solarer Berg. Leo ilikuwa barabara tupu. Bibi mmoja alikuwa anamwagilia maua yake, akanipungia mkono. Siku yenyewe watu kwa maelfu watajaa hadi wabakize kichochoro cha baiskeli moja, na makelele yake, waliopita wanasema, yanasikika hadi mifupani. Hapo ndipo watu wanapoendesha wati 350 bila kujua na kuzilipia kwenye marathoni. Nimebandika karatasi kwenye usukani: 220, isizidi.

Siku 12

Goti la kushoto linauma. Jana halikuuma. Jana lilikuwa la kulia.

Koo nalo linawasha. Wodini navaa barakoa muda wote, hata chumba cha chai, na mikono naiosha hadi ngozi inakauka. Maumivu haya nayajua, yanakuja kila mzigo unaposhuka: mwili ukipata nafasi ya kujisikiliza, unasikia kila kitu. Nimekimbia dakika 35, mara 4 dakika 3 kwa kasi, goti likasahaulika kufikia dakika ya kumi.

Siku 10

Joto limeingia. Utabiri unataja nyuzi 33 hadi mwisho wa wiki, na hakuna anayejua Jumapili ile itakuwaje. Wenzangu kazini wananiambia, "Wewe si mtu wa Afrika, joto lako hilo." Nimekaa huku miaka sita. Mwili husahau joto kama unavyosahau lugha usiyoizungumza, na kulirudia huchukua siku 10 hadi 14.

Ndiyo maana tangu wiki mbili zilizopita, baada ya mazoezi mepesi, nimekuwa nikikaa nusu saa kwenye beseni la maji ya nyuzi 40. Jasho linaanza kutoka mapema zaidi sasa, hilo naliona kwa macho. Ila nalo ni mzigo, mapigo ya moyo yanapanda kana kwamba nakimbia. Kwa hiyo leo ni beseni la mwisho.

Nimejipima pia. Kabla ya saa moja ya baiskeli juani: kilo 68.4. Baada yake: 67.7, na katikati nilikunywa nusu lita. Maana yake napoteza lita 1.2 kwa saa. Siwezi kuirudisha yote tumboni bila kutapika. Nitalenga mililita 800 kwa saa, na chumvi ndani yake. Shati jeusi nililovaa limebaki na ramani nyeupe za chumvi mgongoni, kama mashati ya wachukuzi wa bandarini.

Siku 9

Siku ile ile ya kosa langu.

Na hofu imekuja kwa wakati wake, kama mgeni aliyealikwa. Nimeamka saa 11 alfajiri, jua liko nje, miguu imejaa nguvu, zamu yangu ni ya mchana. Ratiba inasema mita 1,500 za kuogelea, basi. Nimeitoa baiskeli hadi mlangoni. Nimevaa na helmeti.

Nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko hakujambo?"

Nikamweleza yote. Baba amevua samaki Tanga zaidi ya miaka thelathini, na triathloni anaielewa kwa namna yake. Kwake yeye ni kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, kwa siku moja. Enzi zake, kabla ya kwenda dago upande wa Moa wiki kadhaa, mashua ilipandishwa pwani maji ya bamvua yakijaa, ikaachwa kavu. Ninakumbuka harufu yake. Chini ya chombo yanawashwa makuti makavu, moto unapitishwa kwenye mbao kuua wadudu wanaotoboa. Wanakwangua, wanakalafati kwa pamba iliyolowa mafuta, kila mwanya, halafu wanapaka sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mtaa mzima. Siku zote hizo samaki wapo baharini, majirani wanavua, na baba yuko pwani anapigilia pamba kwa patasi. Mama alikuwa akilalamika kwamba hatuna kitoweo.

"Chombo umekipandisha?" akaniuliza.

"Nimekipandisha, baba."

"Basi unakishusha kwa lipi? Maji hayajajaa."

Nimevua helmeti. Nimekwenda bwawani, nimeogelea mita 1,500, nimerudi nimelala saa moja kabla ya zamu.

Ninachokijua kitabuni ndicho baba anachokijua pwani. Uchovu hushuka upesi, siha hushuka polepole, na kati ya hizo mbili kuna dirisha la siku kadhaa ambapo mtu anakuwa na nguvu kuliko alivyowahi kuwa. Nyuzi za misuli zinajiunga, maji ya damu yanatengemaa, glaikojeni, ile akiba ya wanga misulini, inajaa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanyika nikiwa juu ya baiskeli.

Siku 6

Leo ilikuwa zamu ya baiskeli yenyewe kukalafatiwa. Nilipima cheni, imekwisha, nikaweka mpya na kuipaka nta. Tairi la nyuma lilikuwa na kipande cha kioo kimekaa ndani kama mbegu. Nimebadilisha yote mawili na kuongeza maji ya kuzibia matundu. Pedi za breki bado nzima. Betri ya gia nimeichaji. Kisha nikaendesha dakika 50 kwa utulivu kuhakikisha kila kitu kinakaa, kwa sababu fundi mzuri kabisa pia husahau skrubu moja, na mimi si fundi mzuri kabisa.

Viatu vya kukimbia vina kilomita 60. Vimelainika, havijachoka. Soksi ni zile nilizokimbilia kilomita 28. Hakuna kipya Jumapili, hata kamba ya viatu.

Usiku nilalapo sasa ni saa tatu. Nimelala kwa muda wa saa nane na nusu siku tatu mfululizo, jambo ambalo sikumbuki lilitokea lini mara ya mwisho. Yule dada wa Kakamega amenitumia picha ya wodi saa tisa usiku, taa zimepunguzwa, na maneno mawili: "Umelala?" Nimeiona asubuhi.

Siku 4

Mifuko. Roth ina vituo viwili vya kubadilishia: cha kwanza pale mferejini karibu na Hilpoltstein, cha pili mjini Roth. Ukisahau kiatu cha kukimbia kwenye mfuko wa baiskeli, kiko mbali nawe na hakirudi. Nimetandaza shuka sebuleni, nikapanga vitu kwa mpangilio wa mwili unavyovihitaji, nikifumba macho na kuipitia siku yote tangu majini. Miwani ya kuogelea miwili, mmoja wa giza kwa ajili ya jua la asubuhi. Mafuta ya shingoni, yasiwe vaselini, maana hula mpira wa suti. Chipu ya mguuni ya kupimia muda. Helmeti, miwani ya jua, mkanda wa namba. Soksi za akiba ndani ya plastiki. Kofia nyeupe ya kulowesha maji, kwa ajili ya ile njia ya kokoto kandoni mwa mfereji isiyo na kivuli.

Mazoezi: baiskeli dakika 40, mara 3 dakika 4 kwa wati za mashindano. Mapigo ya moyo yako chini, miguu inacheka.

Siku 2

Leo ni kula, na kula ni kazi.

Hesabu ni gramu 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili, kwa siku mbili. Kwangu ni gramu 680 kwa siku. Ukitaka kuzipata kwa wali mtupu unahitaji zaidi ya kilo mbili za wali uliopikwa, na hapo ndipo watu wanaposhindwa. Nimezigawanya tangu asubuhi: uji mwepesi wa unga wa mchele wenye sukari na ndimu, mkate mweupe na asali, wali wa nazi kidogo na kuku asiye na ngozi, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha na chumvi, tende, juisi ya tufaha katikati. Maharage, mboga za majani na dona nimeziweka kando tangu jana. Nyuzinyuzi ni nzuri siku zote isipokuwa hizi mbili. Mke wangu alipika maharage ya watoto na harufu yake ilinisumbua kuliko kilima cha Greding.

Mizani imepanda kilo 1.3. Miaka miwili iliyopita ingeniogopesha. Kila gramu ya glaikojeni inajiwekea kama gramu tatu za maji, kwa hiyo hicho si kitambi, ni mafuta ya taa ndani ya chombo.

Chupa za baiskeli nimezichanganya kwa majaribio mara ya mwisho: unga wa maltodekstrini na fruktosi, gramu 80 za wanga kwa kila saa. Tumbo langu lilijifunza kiasi hicho kidogo kidogo tangu Machi. Mwanzoni gramu 60 tu zilinikunja.

Siku 1

Asubuhi: kuogelea dakika 15, kukimbia dakika 15 na mikimbio minne mifupi. Nimejisikia kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nikaacha hapo hapo.

Mchana tumeipeleka baiskeli Hilpoltstein. Tumepanga foleni juani, watu wazima wenye miguu ya chuma, hakuna anayezungumza sana. Mzee mmoja wa kujitolea, mmoja wa maelfu wanaofanya kazi hiyo bila malipo, alikagua breki zangu na kamba ya helmeti, akaangalia jina langu kwenye kibandiko, akanitakia heri, kisha akanionyesha nafasi yangu kwa mkono wazi kama anayemkaribisha mgeni sebuleni. Nimeitundika baiskeli. Nimepunguza upepo kwenye matairi, maana yakichomwa na jua mchana kutwa yakiwa yamejaa yanaweza kupasuka. Pampu iko kwenye mfuko wa asubuhi. Nimehesabu safu: ya kumi na tisa kutoka lango la kutokea majini, mkono wa kulia, mkabala na mti mmoja mfupi. Nimetembea kutoka majini hadi baiskeli mara tatu.

Halafu nimesimama juu ya daraja nikautazama mfereji. Maji ya kijani, hayaendi popote. Maboya tayari yamewekwa. Kesho saa 12:30 mzinga utapigwa, makundi yataanza kuingia moja baada ya jingine, na langu litaingia saa 1:25.

Sasa ni saa 1 jioni. Nimekula wali na chumvi, watoto wamenichorea papa kwenye karatasi, nimeikunja ndani ya mfuko wa kukimbilia. Baba ametuma ujumbe wa sauti wa sekunde nane: "Maji yamejaa, baba. Shusha." Uji uko kwenye chupa ya moto. Saa nimeitega tisa na robo usiku.